Mahari Ambayo Hatukuiimba

Kuna wimbo mmoja ukianza kupigwa arusini, mimi huinuka nikatoka nje. Watu hudhani kibofu cha uzee kimenishika, nami huwaacha wadhani hivyo. Ndani wanacheka, wanapiga makofi, wanamsukuma bwana arusi mabega kwa sababu wimbo unasema hana mahari. Katikati ya wimbo gitaa huingia peke yake, likapanda mbio na kushuka polepole. Gitaa hilo ni langu. Aliyeimba alikuwa rafiki yangu, na siku tuliyouimba hakuna aliyekuwa na nia ya kumchekesha mtu.

Nilifika Thika kutoka kwetu magharibi miaka ya hamsini ikiwa bado michanga, nikaajiriwa kwenye kiwanda cha magome ya miti ya miwati. Tulikuwa tukiyapokea magome, tukiyakata na kuyachemsha mpaka yatoe maji mekundu ya kutengenezea ngozi. Maji yale yalikuwa hayatoki mikononi kwa sabuni wala kwa mchanga. Nikisalimiana na watu kanisani, walikuwa wakitazama kiganja changu kwanza, halafu uso. Nilikuwa nimekuja na gitaa la mjomba wangu, bovu kweli kweli, nyuzi zake mbili ni waya wa breki ya baiskeli, na shingo yake ilikuwa ikivimba kila mvua zikinyesha. Jumapili nilikuwa nikilipeleka Ruiru, kwenye nyumba za wafanyakazi wa shamba moja la kahawa, kwa sababu huko kulikuwa na watu wengi wa kwetu na walikuwa wakipenda kucheza.

Huko ndiko nilikompata. Alikuwa Mkikuyu, seremala wa shamba, mrefu, mpole, mwenye vumbi la mbao kwenye nyusi hata siku ya Jumapili. Alisimama kando akisikiliza, kisha akaokota chupa ya soda na msumari, akaanza kuigonga chupa kufuata vidole vyangu. Hakukosea hata kidogo. Tulipopumzika akasema, "Uko sawa, Mruhya."

"Si Mruhya. Mluhya."

"Si ndio hiyo nimesema? Mruhya."

Hakuwa akinitania. Lugha yao haina ile herufi, na yeye alikuwa haisikii hata ukimtamkia karibu na sikio. Nilimwambia aseme "lala Limuru leo," akasema "rara Rimuru reo," nikacheka mpaka nikashika ukuta. Yeye naye akanirudishia, kwa kuwa ulimi wangu wa kwetu ulikuwa ukigeuza gitaa kuwa kitaa. "Basi wewe piga kitaa," akasema, "mimi nitaria." Akaimba, na kicheko changu kikaisha. Alikuwa na sauti nyembamba kidogo, isiyo na haraka, sauti ya mtu anayekuambia jambo wewe peke yako. Tangu Jumapili ile hatukuachana.

Ni yeye aliyesema kwamba gitaa la mjomba litatuaibisha. Tukachanga, tukaenda kwenye duka la Mhindi mmoja pale Thika, njia ya kwenda stesheni. Magitaa yalikuwa yananing'inia darini kati ya taa za chemli na magurudumu ya baiskeli. Mimi nilikuwa nimeshachagua kabla sijaingia: jekundu, linalong'aa, limechorwa maua ubavuni. Nilikuwa nimelitazama kupitia dirishani kwa miezi. Mwenzangu alilipokea, akafumba jicho moja, akatazama urefu wa shingo kama anavyotazama ubao kabla ya kuupiga randa.

"Hii imeangaria kando," akasema. Akaligonga mgongoni kwa kifundo cha kidole. "Na hii rangi yote ni ya kuficha kitu."

Nilinuna, sina haja ya kuficha. Yeye akaomba lile la kahawia lililokuwa nyuma kabisa, lenye mkwaruzo, ambalo hata mwenye duka alikuwa amelisahau. Akatazama shingo yake. Akabonyeza kila uzi juu ya kila chuma cha shingo, kimoja kimoja, akisikiliza kama kuna mahali panapokoroma. Akapitisha ukucha chini ya nyuzi kuona kama ziko juu sana, maana nyuzi za juu huumiza vidole na kumfanya mpigaji achoke kabla ya wimbo kuisha. Mwisho akaweka taya lake juu ya ubavu wa gitaa, akafumba macho yote mawili, akaniambia nipige uzi mmoja tu na niuache. Nikapiga. Tukasimama pale. Sauti ilikwenda, ikapungua, ikawa kama imekwisha, naye bado ameinua kidole kuniambia bado anaisikia kwenye mfupa.

"Hii inaria mpaka mwisho," akasema. "Ire nyekundu inaria kidogo tu, inachoka."

Mwenye duka alikuwa amechoka zaidi ya hilo jekundu. "Wewe nanunua gitaa ama naoa bibi?"

"Bibi nishapata," mwenzangu akamjibu akicheka. "Sasa natafuta gitaa ya kuchezwa siku ya arusi."

Ndipo nikajua kuwa kuna msichana. Wazazi wake walikuwa wakiishi kama vibarua kwenye shamba la mkonge upande wa Ngoliba, na rafiki yangu alikuwa ameshapeleka mbuzi wa kwanza na pombe ya wazee, mazungumzo yameanza vizuri, bado ile sehemu kubwa. Tulipokuwa tukirudi alinieleza jinsi msichana huyo anavyocheka akiwa ameziba mdomo kwa mkono. Alinieleza mara nyingi mno, nami nikamwambia anyamaze nijaribu nyuzi. Gitaa lilikuwa langu kuanzia siku hiyo, lakini nakiri wazi kwamba aliyelichagua ni yeye, na kila kitu kizuri nilichokuja kupata katika muziki kilitoka kwenye taya lake.

Kisha ikaja Hali ya Hatari, serikali ya Mzungu ikipigana na watu wa msituni. Mimi nilikuwa mtu wa magharibi, nikawa natembea tu. Wenzetu Wakikuyu walifungiwa ndani ya kipande cha karatasi. Pasi ya rafiki yangu ilimruhusu kutoka Ruiru mpaka Thika na kurudi, basi. Jumapili moja alipata habari kuwa watu wa lile shamba la mkonge wamepakiwa kwenye malori na kupelekwa huko juu kwao, kwenye vijiji vipya vilivyozungushiwa mitaro na miti iliyochongwa. Ni kijiji kipi, hakuna aliyejua. Vilikuwa vingi, na aliyekuwa ndani hakutoka bila ruhusa. Barua ungeiandikia wapi? Na nani angemsomea? Msichana hakuwa amekwenda shule. Kwa muda mrefu kidogo rafiki yangu hakuimba, akawa anatengeneza masanduku ya kahawa na kuyapiga misumari mingi kuliko inayotakiwa.

Aliporudi kuimba, aliimba wimbo mmoja tu, aliouimba kwanza kwa Kikuyu, tukiwa wawili tumekaa juu ya mabaki ya mbao. Sikuelewa nusu ya maneno. Nililia hata hivyo, na mimi si mtu wa kulia ovyo. Alisema ataufikisha kwa msichana. Katika kila kijiji, alisema, kuna mwenye duka, na mwenye duka mzuri ana gramafoni. Akiusikia, atajua.

Watu wa santuri walikuja Thika na mashine zao ndani ya gari, wakakodi ukumbi. Tulipanga foleni na wengine, kwaya za kanisa, wapiga kodiani, kila mtu na shati lake la pasi. Msimamizi wao alikuwa mtu wa pwani, mwenye Kiswahili cha kumwagika. Mwenzangu alipoanza kwa Kikuyu, akainua mkono mara moja.

"Kikuyu hapana, ndugu yangu. Sitaki askari mlangoni kwangu. Una cha Kiswahili?"

Siku zile wimbo wowote wa Kikuyu ulikuwa ukidhaniwa kuwa wa watu wa msituni, kwa hiyo sikumlaumu. Mwenzangu alikuwa amelifikiria hilo. Alikuwa amejitahidi, usiku na mchana, kuyageuza maneno yake kuwa Kiswahili, na mimi nilimsaidia. Beti zilikuwa tatu. Wa kwanza ulisema: "Ningekuja kukuchukua, sina mahali. Mguu wangu uko tayari, sina mahali." Yaani sijui niuelekeze wapi huo mguu. Wa pili ulikuwa juu ya nyumba za shamba la mkonge zilizobomolewa. Wa tatu ndio uliokuwa wimbo wenyewe kwake: "Niko Ruiru kwenye mbao, nitumie neno. Nitajie kijiji, nitakuja."

Tulijaribisha. Gitaa liliingia baada ya ubeti wa pili, kidogo tu, kama salamu. Yule mtu wa pwani akatoa vipokea sauti masikioni.

"Ngoja, ngoja. Gitaa hilo umelipata wapi?"

Nikamwambia ni la hapa hapa Thika.

"Tangu tutoke Nairobi sijasikia linalolia hivyo. Basi sikilizeni. Upande mmoja wa santuri hauna nafasi ya yote haya. Ule ubeti wa tatu tuutoe, gitaa lijaze pale."

Nilimwambia atoe gitaa, aache ubeti. Nilimwambia kwa adabu, kisha nikamwambia bila adabu. Akasema anayenunua santuri hanunui barua ya mtu, anachotaka ni kucheza, na kama hatutaki kuna kwaya inangoja nje. Mwenzangu akanishika mkono.

"Wacha, Mruhya. Akisikia sauti yangu atajua niko hai. Niko wapi, hiyo ataurizia."

Basi tukarekodi. Nilipiga vizuri, na hilo ndilo linaloniuma. Ningekuwa nimepiga ovyo, pengine wangelitoa gitaa wenyewe. Lakini nilipiga kuliko siku yoyote ya maisha yangu, maana nilikuwa nikijaribu kusema ule ubeti kwa vidole, kama mjinga, kana kwamba kuna mtu angeweza kusikia neno Ruiru ndani ya nyuzi. Tulipomaliza, yule msimamizi akachukua kalamu akauliza wimbo unaitwaje.

"Sina mahari," mwenzangu akasema.

Naye akaandika alichosikia. Mimi nilikuwa hatua chache tu kutoka pale, ninalegeza nyuzi. Lakini sikio langu lilikuwa limemzoea rafiki yangu kiasi kwamba lilikuwa likimtafsiri lenyewe. Nilisikia mahali.

Santuri ilipotoka niliikuta kwenye hoteli ya chai pale Thika, wenye kunywa chai wamesimama wakicheka. Mmoja alikuwa akiigiza, ametoa mifuko ya suruali nje kuonyesha haina kitu: "Ningekuja kukuchukua, sina mahari!" Nikaomba niitazame. Karatasi nyekundu katikati, herufi kubwa: SINA MAHARI. Niliipeleka Ruiru siku hiyo hiyo. Mwenzangu aliipangusa kwa mkono wa shati, akasoma jina lake, akafurahi.

"Wameandika vizuri," akasema.

"Hawakuandika vizuri. Wameandika mahari."

"Si ndiyo jina rake?"

"Mahari ya mbuzi!" nikamwambia. "Ya ng'ombe! Ya baba mkwe!"

Nilimwona akielewa polepole. Aliiweka ile santuri juu ya benchi lake la kazi. Halafu akasema yeye msichana wake anamjua, hawezi kukosea.

Mimi ndiye niliyekwenda Nairobi kuwatafuta wale watu, kwa kuwa yeye asingeruhusiwa kufika. Msimamizi alinikumbatia. Akanionyesha rundo la santuri zinazosubiri kupelekwa Kisumu na Mombasa. Nilimweleza, akasikiliza kwa huruma, ni kweli alisikiliza, kisha akaniuliza ningetaka afanye nini, akimbie kila duka akakwaruze herufi moja? Akaniomba nihamie mjini nimpigie waimbaji wengine, maana gitaa langu sasa linajulikana.

Sikukubali mara moja, lakini nilikubali. Niliacha kiwanda. Mikono yangu ikaanza kurudia rangi yake, nikanunua viatu vya ncha kali, watu wakawa wananiita fundi. Mwenzangu alibaki na randa yake kwa sababu pasi yake haikusogea. Nilikuwa nikirudi Jumapili tukaimbe kwenye kumbi za Thika na Ruiru, na kila mahali ni wimbo ule mmoja. Alikuwa akijaribu kuingiza ubeti wa tatu, nao walikuwa wakipiga kelele: "Gitaa! Lete gitaa!" Alikuwa akinyamaza, mimi nikapiga. Nilikuwa nikimtazama akitabasamu mbele ya watu wanaomchekea msiba wake, na nilikuwa nikitamani kushuka jukwaani nimzabe mtu kofi, yeyote. Yeye hakukasirika. Alisema kila anayecheka ana ndugu mahali fulani, na huyo ndugu ana jirani, na wimbo unakwenda.

Na kweli ulikwenda. Mambo yalipoanza kulegea na watu kuruhusiwa kutembea, mama mmoja aliyeshusha nduma kuuza sokoni Thika alimtambua mwenzangu kwa sauti alipouliza bei. "Kumbe ni wewe wa mahari!" akasema. Huyo ndiye aliyemtajia kijiji, maana wazazi wa msichana aliwajua. Mwenzangu alikuja kuniita, akaniambia nibebe gitaa, atamwimbia ule wa Kikuyu.

Tulivuka mto Chania tukapanda migongo ya vilima vya huko juu asubuhi mpaka jua likawa kali. Kijiji kilikuwa nyumba zimebanana, paa zote za nyasi za aina moja. Mama wa msichana alitukaribisha, akatupa uji kwenye kibuyu, lakini hakumtazama rafiki yangu usoni. Baba mtu alikuwa amekaa kwenye kigoda. Hakuwa mtu mbaya, na ningependa angekuwa. Alizungumza kwa Kikuyu, sauti ya chini, na kufikia wakati huo nilikuwa nimejua Kikuyu cha kutosha kuumizwa nacho.

Alisema wimbo ulifika kwenye duka la kijiji. Binti yake aliitambua sauti akiwa ametoka kuteka maji, akatua mtungi, akaomba upigwe tena. Wao Kiswahili wanakijua kidogo tu. Wakamwita mwalimu, akasoma karatasi ya katikati ya santuri, akawaeleza: anasema angekuja kukuchukua lakini hana mahari. Binti alilia. Alingoja mvua moja, akangoja ya pili, labda kuna mtu angetumwa. Hakuja mtu. Wakaja watu wengine kwa heshima, na mbuzi wao.

"Kama ungenijia mimi ukaniambia huna, ningekungoja," mzee akasema. "Sisi sote tulikuwa hatuna. Kwa nini uliwaambia watu wa dunia nzima kabla ya kuniambia mimi?"

Alikuwa akingoja kweli kujibiwa. Msichana mwenyewe alikuwa amefika mlangoni, ameitwa na majirani, mtoto mgongoni, mkono wake mmoja juu ya mdomo. Rafiki yangu alimtazama, akamtazama na mtoto. Alikuwa na lugha yake mwenyewe mdomoni, maneno yake yote, hakuna herufi ya kumkwaza. Nilimngoja aseme.

"Ni kweli, mzee," akasema kwa Kikuyu. "Sikuwa nayo."

Mimi niliruka. Kikuyu chote kilinikimbia, nikabaki na Kiswahili. "Mahali!" nikapiga kelele. "Mzee, hakusema mahari. Alisema mahali!"

Mzee alinigeukia kwa upole, kama mtu anayemsaidia mgeni asiyejua lugha. "Ee, mahari," akasema. "Turisikia."

"Ma-ha-li!"

"Ndiyo, kijana. Mahari."

Rafiki yangu aliinuka, akawapa mkono wote, mmoja mmoja, akamshika mtoto mguu kidogo. Tukaondoka. Tulipofika kwenye mteremko nilimfokea, nilimtukana hata, nikamwuliza kwa nini ameubeba uongo ule wakati ukweli alikuwa nao.

"Kunikasirikia ameshazoea," akasema. "Nikimwambia nirikuwa namtafuta siku hizo zote, reo atarara aje?"